Aya ya Pili ya Wasifu

Nyamisaka, Kibondo
9 Mei

Mwanangu Longinus,

Mwakeye, mmeamkaje huko Kasulu? Sisi huku tumeamka, na kwa umri wangu kuamka tu ni habari njema. Maharage yamekubali mwaka huu. Mihogo ya shamba la juu imeingiwa na ugonjwa, nimeng'oa nusu, iliyobaki naitazama kwa jicho la kuaga. Saruji ya kaburi la baba yako imekauka vizuri na msalaba umesimama wima. Fundi alitaka kuuwekea jiwe la kuuegemeza, nikamwambia William hakuwahi kumwegemea mtu. Mjukuu wangu Ange anakusalimu, yuko darasa la sita na anajiona profesa. Msalimie mkeo Asnath, na watoto.

Nimekupigia simu mara saba tangu Jumapili. Inaita weee, kisha yule dada wa mtandao ananiambia nijaribu tena baadaye. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Simu unaweza kuiacha iite, lakini barua ikishafika mezani itakukodolea macho. Nimempa Firdausi muuza dagaa, ambaye kila wiki yuko njiani kati ya huku na huko, na nimemwambia akukabidhi mkononi, si kwa karani wako.

Sasa jambo lenyewe. Orodha ya wapiga kura imebandikwa kwenye ukuta wa shule ili kila mtu aangalie jina lake. Nikaenda na miwani yangu, nikajiona: Josepha Niyomwungere. Nikarudi nyumbani nikapika. Siku ya pili mgambo akaniletea karatasi. Nimewekewa pingamizi. Aliyeliweka ni Hilali, jirani yetu huyuhuyu anayetaka udiwani, ambaye mwezi wa tatu nilimuuliza mkutanoni mbele ya watu mabati ya zahanati aliyokabidhiwa yalikwenda wapi. Anasema mimi si raia. Anasema nilizaliwa ng'ambo ya mto, mimi ni Mrundi, na jina langu lifutwe.

Ameambatanisha karatasi ya ushahidi. Sitakuambia ni karatasi gani. Nataka nisikie kwanza kutoka kwako.

Shauri litasikilizwa tarehe 4 Juni, ofisi ya kata. Nahitaji vitu viwili. Kwenye sanduku la bati la baba yako, lile uliloondoka nalo baada ya matanga, kuna stakabadhi ya kodi ya kichwa ya babu yako Gwimo. Imeandikwa Kibondo, mwaka 1954. Nimewahi kuishika kwa mikono yangu. Kitu cha pili ni wewe mwenyewe. Uje usimame useme: huyu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu, tumbo moja. Wazee waliotuona tukikua wamekwisha. Mimi nilimwona William akizaliwa. Nilikuwa na miaka sita, nikatumwa kumwita mkunga, nikakimbia hata nguo ikanivuka njiani. Leo hii hakuna wa kumshuhudia William ila mimi, wala wa kunishuhudia mimi ila mwana wa William.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nakusubiri.

Shangazi yako,
Josepha


Kasulu
19 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa unaendelea vizuri wewe na Ange. Sisi hatujambo, isipokuwa mafua ya hapa na pale, si unajua baridi ya Kasulu. Asnath anasahihisha mitihani hadi macho yanamuuma. Bado anasema kwao Upareni hakukuwa na baridi ya namna hii, ingawa mimi nilifika kwao na nilitetemeka. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno mawili ya mbele.

Samahani kwa simu. Shughuli za daftari la wapiga kura zimenibana sana. Kama ujuavyo, sisi watendaji wa kata ndio waandikishaji wasaidizi, na hapa kwangu pia yapo mapingamizi ambayo inanibidi niyasikilize mimi mwenyewe na kuyatolea uamuzi.

Kuhusu suala lako, nimelipokea na nimelitafakari kwa kina. Ushauri wangu, Shangazi, ni kwamba usishindane. Kura ni moja tu. Kura moja haimwangushi Hilali wala haimwinui. Nyumba ni yako, shamba ni lako, hakuna aliyesema uondoke. Kwa umri wako kusimama foleni juani ni kujitesa. Ukinyamaza, jambo hili litapita lenyewe na watu watalisahau.

Sanduku la baba liko stoo chini ya magunia, sijapata nafasi ya kulifungua.

Halafu naomba, kwa heshima zote, utakapofika pale usitaje jina langu wala kazi yangu. Si kwa ubaya. Nitakueleza siku tukionana.

Nimempa Firdausi sukari kilo mbili, na kitenge alichokuchagulia Asnath.

Wako mtiifu,
Longinus


Nyamisaka
27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sukari tumeipokea na Ange ameshaanza kuikomba. Kitenge nimemrudishia Firdausi. Mwambie Asnath asiudhike, ni kizuri na rangi ni yangu, lakini kimekuja kukaa mahali pa mtu.

Umeniandikia kama unamwandikia mkurugenzi. "Nimelitafakari kwa kina"! Mimi niliyekushika mkono ukajua kuchora herufi O? Kurasa mbili nzima, Longinus, na hukuuliza ni karatasi gani. Mtu asiyeijua angeuliza.

Haya, tuseme basi. Ni wasifu wa baba yako, uliouandika wewe, ukausoma wewe mwenyewe siku ya mazishi mbele ya kanisa zima, ukagawa na nakala. Aya ya pili: "Dada yake mkubwa Josepha alizaliwa ng'ambo, Burundi, nyumbani kwa bibi mzaa mama, kama ilivyokuwa desturi ya mzaliwa wa kwanza." Ulisoma kwa sauti nzuri na mimi nilijivuna, nikasema mtoto anajua ukoo wake. Hilali naye alikuwa pale, kwenye benchi la tatu, na baadaye akala wali wetu wa msiba. Nakala yake amekuja kuipiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya maneno matatu, "alizaliwa ng'ambo, Burundi." Yaliyobaki hakuyapigia mstari.

Sikulaumu kwa kuandika kweli. Mama yetu alikuwa wa ng'ambo, akaolewa huku, na mimba ya kwanza ikamrudisha kwa mama yake kama wanawake wote wa wakati ule. Nilikaa huko siku arobaini, nikarudi mgongoni. Hao waliozaliwa baada yangu walizaliwa hapa. Baba yetu Gwimo alizaliwa hapa na amezikwa hapa. Kama siku arobaini zinamfanya mtu mgeni kwa miaka sitini na tisa, basi nani atabaki mwenyeji katika nchi hii ya Buha?

Ninachokulaumu ni hili la kuniambia ninyamaze.

Unasema kura ni moja. Sawa. Na mimi ni mmoja.

Nilipiga kura mara ya kwanza mwaka 1975. Alama zilikuwa jembe na nyumba. Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na wanawake kumi na tisa wa darasa langu tulikwenda pamoja, tumefunga vilemba. Mama yake Hilali alikuwamo, Mungu amrehemu. Alikuwa amejifunza kuandika jina lake wiki mbili kabla. Alipotoka ndani alikuwa anacheka peke yake, akaniambia, "Mwalimu, wamenisikia bila mimi kufungua mdomo." Sijasahau. Tangu hapo sijakosa uchaguzi hata mmoja, hata mwaka ule niliokuwa na malaria nilibebwa kwenye baiskeli.

Nikueleze kilichotokea tangu karatasi hii iletwe. Jumatano nilikuwa bombani. Binti mmoja wa juzijuzi tu akaniambia, "Bibi, samahani, wageni mtupishe kwanza wenyeji tuchote." Hakunitukana. Alisema kwa adabu, ndiyo hiyo iliyoniuma. Ijumaa kulikuwa na mkutano wa kijiji. Nikanyoosha mkono niulize tena habari ya mabati. Mwenyekiti akasema, "Tusubiri kwanza tujue nani ni mwananchi." Watu wakacheka, si wote, lakini wakacheka. Mkono nikaushusha. Umeona sasa? Hilali hakuwa na shida na kura yangu. Alitaka mkono ushuke.

Tarehe 4 ni Jumatano. Gari la kwanza kutoka Kasulu linafika saa tatu. Nitakutazamia.

Josepha


Kasulu
2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Ni kweli, aya ile niliiandika mimi. Nilitaka watu wajue ukoo wetu una historia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa mbele ya kanisa zima, na kipaza sauti juu.

Lakini kuja siwezi. Nikisimama niseme wewe ni shangazi yangu, swali linalofuata ni baba alizaliwa wapi, na linalofuata hilo ni mimi. Nina watoto watatu na kazi moja. Stakabadhi sijaipata.

Naomba tena usinitaje. Nisamehe.

Longinus


Nyamisaka
6 Juni

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Ange amepata alama tisini kwenye hisabati. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Barua yako Firdausi aliniletea asubuhi ya tarehe 4, nikiwa nimeshavaa viatu.

Nilikwenda peke yangu. Afisa aliyekuja kusikiliza anaitwa Elisante, kijana mpole aliyehamishiwa huku kutoka Same, anasema "tafadhali mama" kila sentensi. Ofisi ilijaa hadi madirishani. Watu hawakukosa siku ile.

Elisante akaniuliza, "Tafadhali mama, jina la baba yako?"

"Gwimo."

"Na la huyo marehemu unayesema ni kaka yako?"

"William Ntibiliza."

"Na wewe ni Niyomwungere. Sasa huyo Gwimo mbona hayupo kwenye jina la yeyote kati yenu?"

"Gwimo yuko kaburini, baba."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikapata nguvu kidogo. Nikamweleza kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kufuatana na mambo yaliyokuwapo siku alipozaliwa, hatugawani jina la baba kama blanketi. Akaandika. Nikamtazama usoni nikajua hajaelewa. Akasema kwao watoto wa baba mmoja wana jina moja, na kwamba kwenye karatasi hizi hakuna kinachoonyesha kuwa mimi na William tulikuwa ndugu, isipokuwa wasifu, na wasifu huohuo unasema nilizaliwa Burundi.

Nikatoa cheti changu cha ubatizo. Kinamtaja Gwimo, lakini hakisemi Gwimo ni wa wapi. Akasema, "Mama, ungekuwa na karatasi yoyote ya huyu Gwimo inayoonyesha alikuwa wa hapa, au ndugu yeyote wa kuthibitisha, ningekuwa na mahali pa kushika."

Kisha akaushika ule wasifu wako, akasoma mwishoni. "Hapa pameandikwa marehemu ameacha mtoto, Longinus. Huyu yuko wapi? Anaweza kuitwa?"

Hilali anajua uko wapi. Anajua na cheo chako. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na jasho limemtoka, kwa sababu alijua wewe ukiitwa pingamizi lake limekwisha. Akaangalia dari. Mimi nikaangalia mikono yangu.

Nikasema, "Sijui aliko."

Ndiyo siku ya kwanza mimi na Hilali tumekuwa upande mmoja.

Wamenifuta. Elisante alisaini, akanipa nakala, akaniambia pole, na nadhani alimaanisha. Kadi yangu ya mpiga kura ameichukua. Rufaa ipo, ina siku zake. Nilirudi kwa miguu kwa sababu sikutaka kupanda bodaboda na mtu wa kuzungumza naye.

Basi usiogope tena. Sikukutaja. Lakini ujue nimesema uongo mmoja tu tangu nirudi kanisani uzeeni huku, na nimeusema kwa ajili yako.

Josepha


Kasulu
21 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Najua ni miezi miwili na nusu. Firdausi amekuwa akiniuliza kila wiki, "Leo kuna barua?" nami najifanya nina kazi. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Watoto wazima. Asnath hajaniuliza kitu, lakini ameacha kuniwekea redio wakati wa chakula.

Nitaandika haraka kabla moyo haujarudi nyuma.

Stakabadhi ninayo. Haikuwa kwenye sanduku. Iko kwenye droo ya meza yangu tangu matanga, niliipenda kwa kuwa ina dole gumba la babu. Siku barua yako ya kwanza ilipofika niliitoa, nikaitazama, nikairudisha.

La pili. Tarehe 5 Juni, siku moja tu baada yako, mimi nilikaa kwenye meza kama ya Elisante. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa kata hii, Mpawenimana, mchonga mizinga ya nyuki. Amewekewa pingamizi kama lako. Mdogo wake alikuja kumshuhudia. Nikauliza, "Kama ni ndugu, mbona majina ni tofauti?" Mimi, Shangazi. Elisante ametoka Same, hajui. Mimi nimezaliwa Nyamisaka. Mzee akanitazama akanijibu kwa Kiha kwamba mwanangu, hilo wewe unalijua. Nikaandika "hakuna uthibitisho wa undugu", nikasaini. Niliogopa kwamba nikiwa mlegevu kwa watu wa mpakani, watauliza mlegevu mwenyewe ni wa wapi.

Hakuwa peke yake. Niliowafuta ni watu sita.

Tangu hapo, kila Jumatatu Mzee Mpawenimana anakuja na kukaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu. Halalamiki. Ananiambia mwakeye, anakaa hadi saa sita, anaondoka. Kwa miezi miwili nimekuwa nikiingilia mlango wa nyuma.

Niambie nifanye nini. Nitakuja na stakabadhi siku yoyote utakayosema.

Longinus


Nyamisaka
1 Septemba

Longinus,

Mvua za kwanza zimenusa tu zikapita. Ange mzima.

Rufaa ilikuwa na siku zake. Zilikwisha nikiwa nimekaa kizingitini nasikiliza kila gari linalopanda kutoka Kasulu. Stakabadhi usiniletee sasa. Sina mahali pa kuipeleka.

Umeniuliza ufanye nini, mtu mzima na mhuri wako. Mlango wa mbele upo. Mzee wa watu yuko kwenye benchi. Kufuta umeweza, nionyeshe kama kuandika unaweza.

Kama nimekusamehe au la, sitaki kulijibu hilo. Hukuliuliza safari hii hata hivyo.

J.


Kasulu
12 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Asnath amerudisha kitenge kwa Firdausi, anasema safari hii hakijaja kukaa mahali pa mtu. Tafadhali kipokee.

Nilipitia mlango wa mbele. Mzee Mpawenimana alikuwa pale, na watu wengine kama kumi wakisubiri huduma. Nikamwambia mbele yao, "Mzee, siku ile nilijua." Akasema, "Na mimi nilijua kwamba unajua. Ndiyo maana nilikuwa nakuja." Akanisogezea nafasi kwenye benchi, nikakaa. Yeye akaanza kunieleza nyuki wanavyohama.

Nikaandika barua kwa wakubwa zangu kwamba maamuzi yangu sita yalikuwa na makosa na nilijua ni makosa. Nikaeleza desturi yetu ya majina, na kwa mfano nikaandika kwamba hata baba yangu na dada yake hawakuwa na jina moja. Nikakuandika, Shangazi. Jina lako kamili, na kijiji.

Majibu yamekuja. Daftari limefungwa, majina yale sita hayatarudi kwa uchaguzi huu. Mimi nimeondolewa kwenye shughuli zote za uchaguzi. Halafu wakaangalia jina lako, wakaona limefutwa kwa kutokuwa raia. Sasa swali limenirudia mimi: kama dada ni Mrundi, kaka yake ni nani, na mwana wa kaka? Nimepewa hadi mwisho wa mwezi ujao nithibitishe. Kadi yangu ya kura wameizuia kwanza. Ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Mimi nilikuwa nimeshika wembe.

Nimewaonyesha stakabadhi. Wakasema, "Hii ni ya Gwimo. Gwimo ni nani kwako?" Karatasi haiwezi kujibu. Wanataka mtu anayejua baba alizaliwa wapi, aliyekuwapo.

Nimehesabu, Shangazi. Mkunga amekufa, jirani zenu wamekufa, padre aliyembatiza alirudi kwao akafia huko. Shahidi wangu ni mmoja tu. Nimewauliza kama atapokelewa. Wameniambia neno la mtu aliyefutwa daftarini kwa kutokuwa raia halina uzito.

Naona aibu kukuomba. Sikuombi. Nakueleza tu ilivyo.

Mwanao,
Longinus


Nyamisaka
Siku ya kura, alasiri

Mwanangu Longinus,

Mwiriwe, habari za mchana. Tumekula ugali wa muhogo na maharage, Ange anaosha vyombo. Yule mbuzi mweupe tumemfunga, alikuwa amevamia mboga za jirani.

Leo nimevaa kitenge cha Asnath na nimekwenda kituoni. Nilikuwa pale tangu saa moja. Waliokuwa nyuma yangu walinong'ona, lakini hakuna aliyenitoa kwenye foleni. Hilali alikuwa upande wa pili wa uwanja akishikana mikono na watu. Aliponiona akaacha kushikana. Mabati bado sijayasahau na yeye anajua.

Nilipofika mezani kijana akapitisha rula kwenye majina, ukurasa hadi ukurasa. Akasema, "Bibi, jina lako halimo."

Nikamwambia, "Najua, mjukuu wangu. Nilitaka uniambie usoni, na hawa wote wasikie."

Nikageuka nikatoka. Yule binti wa bombani alikuwa watu wanne nyuma yangu. Aliacha nafasi yake, akanishika mkono kushuka zile ngazi za darasa, akarudi mwisho wa foleni.

Nilirudi nyumbani nikalia, nikuambie ukweli. Nimelia kama mtoto. Miaka hamsini naingia mlango ule nasikilizwa bila kufungua mdomo, na leo nimetoka jinsi nilivyoingia. Nilikuwa nimekasirika na wewe. Bado nimekasirika. Usidhani kitenge kimeimaliza hasira.

Jumatatu napanda gari la kwanza na Firdausi. Waambie hao wakubwa zako waniwekee kiti, miguu yangu haiwezi tena kusimama kwa muda mrefu. Nitawaambia jinsi ilivyokuwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Mama alikuwa ameshikilia nguzo ya nyumba ya Gwimo, hapahapa Nyamisaka, akanituma kwa mkunga. Niliporudi naye tukasikia mtoto analia kabla hatujafika uani, na mkunga akacheka akasema huyu hakutaka kumngoja mtu. Huyo ndiye baba yako. Watasema neno langu halina uzito. Wakiandika, wataandika. Wasipoandika, wewe utakuwa umelisikia, na watoto wako uwalete walisikie.

Kisha watakugeukia wakuulize, "Huyu bibi ni nani kwako?"

Safari hii, Longinus, ujibu.

Shangazi yako,
Josepha Niyomwungere wa Gwimo